Soda, pop au coke? Dhana potofu kuhusu majina ya kinywaji kimoja

Sisi tunaozungumza Kiswahili tumezoea neno moja, soda, na pengine ndiyo maana wengi wetu hudhani Kiingereza nacho kina jina moja sahihi na yaliyobaki ni maneno ya mtaani. Sivyo. Marekani peke yake ina majina matatu makubwa ya kinywaji chenye gesi, na kila moja lina eneo lake na historia yake.

Dhana: "Soda" ndilo jina sahihi, "pop" ni lugha ya kitoto.

Pop ni neno la zaidi ya miaka 200. Mwaka 1812 mshairi wa Uingereza, Robert Southey, alitaja katika barua kinywaji kipya kilichoitwa pop kwa sababu ya mlio wa kizibo kinapong'oka. Ni tanakali sauti, kama pikipiki. Wapo wanaosema neno hili lilitokana na vizibo vya bati, au lilibuniwa na kiwanda kimoja cha Detroit. Hesabu zinakataa: kizibo cha bati kilipata hataza mwaka 1892, na kiwanda hicho kilianza 1907. Southey alisikia kizibo cha gome la mti. Leo anayesema pop mara nyingi anatoka Magharibi ya Kati ya Marekani, miji kama Chicago na Detroit, au kaskazini-magharibi kuelekea Seattle. Wakanada wanaozungumza Kiingereza nao husema hivyo.

Tena, tukianza kupima usahihi, soda ndiyo itakayopata shida. Neno hilo asili yake ni magadi. Mwaka 1767 mwanasayansi Joseph Priestley, akiwa Leeds, Uingereza, alitumia gesi iliyokuwa ikitoka kwenye mapipa ya bia kutengeneza maji yenye povu. Waliouza maji ya aina hiyo baadaye walitia chumvi za magadi, na jina likaganda. Siku hizi povu hutokana na kaboni dayoksaidi inayoshindiliwa ndani ya maji, wala haihitaji magadi. Jina limebaki, kitu kimeondoka.

Dhana: Watu wa Kusini mwa Marekani huita kila kinywaji "coke" kwa sababu hawakuwa na kingine.

Hii inaniudhi kuliko zote, kwa sababu inawafanya watu wa Kusini waonekane hawajui wanachokunywa. Kusini ndiko vilikozaliwa vinywaji hivi! Dr Pepper ilianza Waco, Texas, mwaka 1885, mwaka mmoja kabla John Pemberton hajatengeneza Coca-Cola kule Atlanta. Pepsi nayo ilitoka New Bern, North Carolina, katika miaka ya 1890. Chaguo lilikuwapo tangu mwanzo. Kilichotokea ni kwamba jina la kimoja, coke, yaani Coca-Cola kwa mkato, lilienea hadi likawa la vyote.

Sikiliza mazungumzo ya kawaida ya Texas au Alabama:

"Utakunywa coke?"
"Ndiyo."
"Coke gani?"
"Dr Pepper."

Hakuna aliyekosea hapo, na hakuna anayeshangaa. Mgeni ndiye anayebaki ameduwaa.

Kampuni ya Coca-Cola yenyewe hapo awali haikulipenda jina hilo la mkato. Ilianza kulitumia katika matangazo mwaka 1941, na mwaka 1945 ikalisajili. Kabla ya hapo, mwaka 1920, Mahakama ya Juu ya Marekani iliipa ushindi dhidi ya washindani waliouza kinywaji kwa jina la Koke. Jaji Oliver Wendell Holmes aliandika kwamba jina Coca-Cola humaanisha kitu kimoja kinachotoka mahali pamoja. Hukumu ilipita, na Kusini wakaendelea kuulizana "coke gani?"

Dhana: Ukijua jimbo la mtu, umejua neno lake.

Pennsylvania ni jimbo moja, lakini Philadelphia husema soda na Pittsburgh husema pop. New York vilevile: jijini ni soda, ukifika Buffalo ni pop. St. Louis na Milwaukee ni visiwa vya soda katikati ya bahari ya pop. Katika utafiti wa mwanaisimu Bert Vaux wa Chuo Kikuu cha Harvard, mwanzoni mwa miaka ya 2000, karibu asilimia 53 ya waliojibu walisema soda, 25 pop na 12 coke. Hao ni watu waliojibu kwa hiari yao, kwa hiyo tusizichukue namba hizo kama sensa.

Dhana: "Tonic" ni maji ya kwinini tu.

Mtafsiri asiyejua haya atampa mtoto wa Boston kinywaji kichungu ambacho hakukiomba. Huko Boston na vitongoji vyake, tonic lilikuwa jina la kinywaji chochote chenye gesi. Vingi vya vinywaji hivi vilianza kuuzwa kama dawa ya kuupa mwili nguvu. Moxie, iliyoanzia Lowell, Massachusetts, ilinadiwa kuwa chakula cha mishipa ya fahamu. Siku hizi tonic kwa maana hiyo utalisikia zaidi kwa wazee. Vijana wameshahamia soda.

Dhana: Ni Wamarekani tu wanaotofautiana.

Kaskazini mwa Uingereza ni pop. Ireland wengi husema "minerals", yaani maji ya madini, hata kama chupani hamna madini ya kutajwa. Glasgow, Uskoti, ndiko kunakonifurahisha zaidi: kila kinywaji chenye gesi kinaweza kuitwa "ginger", neno linalomaanisha tangawizi. Anayeagiza chupa ya ginger anaweza kuletewa kinywaji cha machungwa kisicho na hata chembe ya tangawizi, naye akakipokea, maana ndicho alichokitaka.