Kingamwili kwenye damu: namba ya maabara inasema nini hasa

Shangazi yangu wa Kisauni, Mombasa, ana mfuko wa plastiki anamoweka majibu yake yote ya maabara. Siku moja alinitolea karatasi tatu za miezi tofauti, zote zimeandikwa kitu kimoja: Widal, O 1:160, H 1:80. Mara zote tatu aliambiwa ana taifodi, na mara zote tatu akapewa dawa za wiki mbili. "Mwanangu," akaniuliza, "hii ni taifodi gani isiyosikia dawa?"

Jibu lake limo ndani ya neno moja ambalo hakuna aliyemweleza: kingamwili. Karatasi zile hazikuwa zimeona mdudu wa taifodi. Zilikuwa zimeona kingamwili, na hizo ni habari mbili tofauti.

Kingamwili ni protini zinazotengenezwa na aina fulani ya seli nyeupe za damu pale mwili unapokutana na kitu kigeni, kama virusi, bakteria, sumu ya bakteria au chanjo. Umbo la kila moja ni kama panda ya manati, ina mguu mmoja chini na ncha mbili juu za kushikia. Ncha hizo zimechongwa kulingana na kitu kimoja maalumu, ndiyo maana kingamwili ya surua haiwezi kuishika tetekuwanga. Kile kinachoshikwa huitwa antijeni. Habari hii ilianza kujulikana mwaka 1890 mjini Berlin, Emil von Behring na Kitasato Shibasaburo walipoonyesha kwamba majimaji ya damu ya mnyama aliyejenga kinga dhidi ya pepopunda yakitiwa kwa mnyama mwingine humlinda na sumu ya ugonjwa huo. Kulikuwa na kitu ndani ya damu, na kitu hicho kingeweza kuhamishwa. Na kama kinahamishika, basi kinapimika pia.

Mtu wa pwani anaweza kuielewa kingamwili kwa kutazama ufuo. Maji yakipwa, huacha mstari wa mwani na vijiti juu ya mchanga. Mstari ule unakwambia kwamba maji yalifika hapa. Ukitaka kujua kama yalifika leo asubuhi au ni ya bamvua la wiki iliyopita, itakubidi uushike mchanga uone kama bado una unyevu.

Maabara nayo ina namna yake ya kuushika mchanga. Kingamwili ziko za madaraja kadhaa, na mawili ndiyo yanayotajwa sana kwenye karatasi za majibu: IgM na IgG. IgM hutangulia. Katika maradhi mengi huanza kuonekana siku ya nne hadi ya saba tangu homa ianze, kisha hupungua baada ya wiki kadhaa au miezi michache. Huo ndio mchanga wenye unyevu. IgG hufuata nyuma yake, hupanda polepole, na inaweza kukaa miaka, hata umri mzima. Huo ni mstari wa mwani uliokauka. Kwa hiyo aliyeandikiwa IgM chanya huenda ameambukizwa karibuni, na mwenye IgG peke yake huenda alishaugua zamani, au alichanjwa tu. Nasema "huenda" makusudi, kwa kuwa wapo ambao IgM yao hukawia kuondoka, kama mchanga wa kivulini unavyochelewa kukauka.

Sasa ile 1:160 inatoka wapi? Hapa nitakwenda jikoni. Chukua kikombe cha tui zito, lile la kasimile. Mimina nusu yake kwenye kikombe cha pili, ujazie maji. Nusu ya hicho cha pili uitie kwenye cha tatu, ujazie maji tena, na uendelee hivyo huku ukionja. Itafika mahali ladha ya nazi imepotea kabisa. Kikombe cha mwisho kilichokuwa bado na ladha ndicho kipimo chako, na tui likiwa zito zaidi, litachukua vikombe vingi zaidi kabla ya kupotea. Mtaalamu wa maabara hufanya vivyo hivyo na majimaji ya damu, huyazimua nusu kwa nusu: 1:20, 1:40, 1:80, 1:160, 1:320. Badala ya kuonja, hutazama kama kingamwili zilizobaki zinaweza bado kushikanisha antijeni mpaka zikaganda vipande vipande. Namba ya kuume ikiwa kubwa, kingamwili ni nyingi. Kutoka 1:80 hadi 1:160 ni kikombe kimoja tu, na tofauti ya kikombe kimoja inaweza kuletwa na mkono wa mpimaji. Ndiyo sababu wataalamu husubiri tofauti ya vikombe viwili, yaani mara nne, kabla ya kusema kwamba kitu kimebadilika kweli.

Iko njia nyingine iitwayo elisa, iliyobuniwa mwaka 1971. Sahani ya plastiki yenye vishimo 96 hupakwa antijeni, damu ya mgonjwa ikatiwa, ikaoshwa. Kama kingamwili zipo, zitabaki zimenata. Kisha hutiwa kemikali inayogeuza rangi panapo kingamwili, na mashine ikasoma ukolezi wa rangi ile.

Turudi kwa shangazi. Kipimo cha Widal kina jina la tabibu Mfaransa, Georges-Fernand Widal, aliyekieleza mwaka 1896. Herufi O ni antijeni ya mwili wa bakteria, na H ni ya mikia yake ya kuogelea. Kilikuwa kipimo cha maana sana kwa zama zake. Lakini fikiria mtu aliyezaliwa na kukulia Mombasa, ambako maji ya kisima, ya bomba na ya mkokoteni hukutana kwenye ndoo moja. Huyu ameshakutana na bakteria wa jamii ya salmonela mara nyingi maishani, wengine wakiwa hawana hata uhusiano na taifodi. Mwani umejaa kwenye ufuo wake. Ukimpima siku yoyote, hata akiwa mzima, unaweza kupata 1:80 au 1:160. Akiwa na homa ya malaria, kipimo kinaweza kupanda vilevile na kikaandikwa taifodi. Na aliyetibiwa akapona bado atabeba kingamwili zake kwa miezi, kwa hiyo kurudia Widal ili kuona kama dawa imefanya kazi hakuonyeshi lolote.

Widal ingekuwa na uzito zaidi kama damu ingetolewa mara mbili, mwanzo wa ugonjwa na tena baada ya siku 10 hadi 14, ikaonekana namba imepanda mara nne. Nani anasubiri wiki mbili akiwa na homa? Kipimo kinachomtafuta mdudu mwenyewe ni kuotesha damu. Damu hutiwa kwenye chupa ya chakula cha bakteria, ikawekwa kwenye joto kwa siku kadhaa, na bakteria wakiota hutambuliwa kwa jina na kujaribiwa dawa gani inayowaua. Inafaa damu hiyo itolewe kabla mgonjwa hajaanza antibiotiki. Ni ghali kuliko Widal na huchukua siku, na hapo ndipo ninapowaelewa wahudumu wa vituo vidogo, lakini siwezi kukubali kwamba mama wa miaka 60 ameze antibiotiki mara tatu kwa ajili ya mstari wa mwani. Shangazi hakuwahi kuoteshwa damu hata mara moja. Na kila dozi isiyohitajika huwapa bakteria nafasi ya kuizoea dawa.

Mkanganyiko huu hauko kwenye taifodi peke yake. Kipimo cha damu cha H. pylori, yule bakteria wa vidonda vya tumbo, kinatafuta kingamwili, na hubaki chanya muda mrefu baada ya mtu kutibiwa na kupona. Kipimo cha choo kinachotafuta antijeni ndicho kinachojua kama bakteria bado yupo. Kwa kifua kikuu, Shirika la Afya Duniani lilitamka wazi mwaka 2011 kwamba vipimo vya kingamwili vinavyouzwa kibiashara visitumiwe kabisa kutafuta ugonjwa huo. Na kipimo cha haraka cha malaria, kile cha tone la damu ya kidole, wengi hudhani ni cha kingamwili. Hicho hutafuta protini ya kimelea chenyewe, na ndiyo maana kinaaminika kwa kumtambua mgonjwa wa leo.

Nisije nikaeleweka kwamba kingamwili hazina kazi. Kwa kaswende, mathalani, namba ni ya thamani kubwa. Mama mjamzito akifika kliniki hupimwa, na kipimo kimoja kiitwacho RPR hutoa namba za kuzimua kama zile tulizoziona. Akiwa na 1:32 kabla ya sindano, na miezi baadaye akapimwa 1:8, namba imeshuka mara nne, na hiyo ni dalili nzuri kwamba tiba imeshika. Lakini akipimwa kwa kipimo cha aina nyingine, kinachotafuta kingamwili za bakteria mwenyewe wa kaswende, kwa walio wengi kitabaki chanya maisha yote. Ukichanganya vipimo hivi viwili unaweza kuvunja ndoa ya watu bure. Kwa homa ya ini aina ya B nako, aliyechanjwa hupimwa kingamwili zake, na kiwango cha uniti 10 kwa kila lita, yaani miliuniti 10 kwa mililita, huhesabiwa kuwa cha kumlinda.

Kwa virusi vya UKIMWI shida kubwa ni wakati. Mwili huchukua siku kujenga kingamwili, na vipimo vya kingamwili hugundua maambukizi kati ya siku ya 23 na ya 90 tangu yaingie. Katikati hapo kuna kipindi ambacho mtu ameambukizwa, anaweza kuambukiza wengine, na karatasi yake inasema hasi. Anayepimwa siku tano baada ya kujihatarisha anapaswa kuambiwa arudi.

Kazi inayonivutia zaidi ya kingamwili ni ile ya kusoma mji mzima kwa pamoja. Mwaka 2013 watu Mombasa waliugua homa ambayo kwenye darubini haikuonyesha malaria, ikathibitishwa kuwa ni dengue. (Wapo wanaoona kwamba hata jina hilo la dengue chimbuko lake ni letu, kwenye neno kidingapopo.) Watafiti walizunguka kaya 701 wakachukua damu ya watu 1,500. Walitafuta virusi vyenyewe kwa wanaougua wakati ule, na IgM kwa walioambukizwa karibuni. Watu 210 wakakutwa na kimoja au kingine, yaani asilimia 14. Chini ya nusu yao ndio waliosema walipata homa katika mwezi uliotangulia. Na katika 32 waliokuwa wamekwenda kwa tabibu wakapewa jina la ugonjwa wao, 31 waliambiwa ni malaria. Bila kingamwili, wimbi lile la dengue lingepita mjini likiitwa malaria.

Miaka tisa kabla, mwaka 2004, chikungunya ililipuka Lamu kisha ikafika Mombasa. Jina hilo ni la Kimakonde, la kumwelezea mtu aliyepindwa na maumivu ya viungo. Kingamwili zilipopimwa Lamu zilionyesha kwamba watu watatu katika kila wanne walikuwa wameambukizwa. Na mwaka 2020, kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Juni, damu za watu waliojitolea kuchangia damu nchini Kenya zilipimwa kingamwili za korona. Kwa Mombasa makadirio yalikuwa asilimia 8, juu kuliko Nairobi, wakati ambapo wagonjwa waliotangazwa nchi nzima walikuwa elfu chache tu. Hapo ule mstari wa mwani ulikuwa na faida kubwa, kwa sababu swali lilikuwa maji yalifika wapi.

Kuna kingamwili nyingine zinazogeuka kuushambulia mwili wenyewe, kama katika lupasi na baridi yabisi ya viungo. Hizo zina mlango wao, ila kanuni ni ileile: wapo wazima wanaokutwa nazo, kwa hiyo daktari hutazama viungo vya mgonjwa kabla ya karatasi.

Na kuna damu moja ambayo kingamwili zake si za mwenye damu. IgG hupita kwenye kondo la nyuma kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto, IgM haipiti. Mtoto huzaliwa akiwa amevaa kinga ya mamake dhidi ya maradhi aliyoyajua mama. Kwa hiyo mama mwenye virusi vya UKIMWI akijifungua, mtoto wake akipimwa kingamwili atatoka chanya hata kama hana virusi hata kimoja, na nimewahi kumwona mama analia kwenye benchi la kliniki kwa kutoelezwa jambo hili. Ndiyo maana mtoto hutolewa tone la damu kisiginoni akiwa na wiki 6, likakaushwa kwenye karatasi maalumu na kutafutwa virusi vyenyewe. Kingamwili za mama hupungua polepole, na mtoto hupimwa tena akifikisha miezi 18. Hapo zile za mamake zimeshakwisha, na kilichomo kwenye damu ile ni habari za mtoto mwenyewe.