Picha moja, makundi mengi

Sehemu ya jengo la Beit al-Ajaib ilipoporomoka tarehe 25 Desemba 2020, niliombwa na watu kadhaa picha za zamani za jengo hilo, nami nilijua kwamba ninazo nyingi, kwa kuwa kazi yangu ni kupiga picha za harusi hapa Mji Mkongwe, Zanzibar, na maharusi wengi hupenda kusimama Forodhani, jengo lile likionekana nyuma yao. Picha zilikuwapo, ila sikuwa na njia ya kuzifikia. Nilikuwa nimezipanga kwa folda za mwaka na za jina la familia, kwa hiyo ilinibidi nifungue harusi moja baada ya nyingine, na kazi hiyo ilinichukua siku nne.

Tangu hapo nimebadili kabisa namna ninavyofikiri kuhusu kupanga picha. Faili hukaa katika folda moja tu, lakini picha haina maana moja tu. Picha ya bibi harusi aliyesimama Forodhani jioni akiwa ameshikana mkono na nyanya yake ni picha ya harusi na pia ni picha ya jengo, na siku nyanya huyo akitangulia mbele ya haki, inakuwa picha ya marehemu itakayotafutwa na ukoo mzima. Ukinakili faili hilo katika folda tatu, utajaza diski na baadaye hutajua nakala ipi ndiyo uliyoisafisha rangi. Kwa sababu hiyo folda zangu sasa zinafuata tarehe peke yake, na makundi yote mengine nayaunda kwa lebo, yaani maneno mafupi ya utambulisho ninayoibandika picha, ndani ya programu ya kupangia picha.

Ninatumia digiKam, ambayo ni ya bure, na wenzangu wengi wanatumia Lightroom Classic. Zote mbili zinakuruhusu kupanga lebo kama mti: chini ya Mahali naweka Forodhani, Shangani na Malindi, chini ya Tukio naweka Kupamba, Akdi na Walima, chini ya Watu naweka majina ya familia. Picha moja huweza kubeba lebo kumi bila faili kunakiliwa hata mara moja, na ukichagua Forodhani pamoja na Akdi, programu hukuletea picha zenye lebo zote mbili.

Tahadhari kubwa ni tahajia. Katika mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na lebo ya “harusi”, nyingine ya “arusi” na ya tatu ya “ndoa”, kwa kuwa kila mmoja wetu pale studio aliandika kama anavyosema nyumbani kwao. Kwa programu hayo ni makundi matatu yasiyojuana. Tulikaa tukakubaliana neno moja kwa kila jambo, tukaziunganisha zile za zamani, na orodha hiyo sasa imebandikwa ukutani juu ya kompyuta.

Jambo la pili, ambalo naliona kubwa kuliko yote, ni mahali kundi linapoandikwa. Katika Lightroom Classic, mikusanyo (makundi ya picha unayoyachagua mwenyewe) huhifadhiwa katika katalogi, yaani faili la kumbukumbu la programu, si ndani ya picha. Katalogi ikiharibika bila nakala rudufu, picha zitabaki salama lakini makundi yale yatakuwa yamepotea. Lebo ni tofauti, kwa sababu zinaweza kuandikwa katika metadata ya faili lenyewe, yaani maelezo yanayosafiri ndani yake, au, kwa picha ghafi (RAW, zilivyotoka kwenye kamera), katika faili dogo la XMP linalokaa pembeni yake. Kwenye Lightroom teua picha kisha bonyeza Ctrl na S. Kwenye digiKam ingia katika mipangilio ya metadata uhakikishe kwamba umeiruhusu kuandika lebo ndani ya faili. Mimi mkusanyo nautumia kwa kazi ya kupita tu, kama vile kuchagua picha za albamu ya mteja, lakini kila ninachotaka kidumu nakiandika kama lebo.

Kabla ya lebo, hata hivyo, sahihisha saa. Tunapiga harusi kwa kamera mbili, na siku moja msaidizi wangu aliirekebisha yake kwa kufuata saa yetu ya Kiswahili: ilikuwa saa mbili asubuhi, akaandika 02:00 badala ya 08:00. Tulipozipanga picha kwa muda, akdi iliyofungwa saa kumi alasiri ikajipenyeza katikati ya picha zangu za asubuhi, wakati wanawake walipokuwa bado wanamvisha bibi harusi. Dawa yake ni kuteua picha zote za kamera ile peke yake na kuziongezea saa sita kwa mara moja, na programu zote mbili zina nyenzo ya kufanya hivyo. Fanya hivyo kabla ya kuiambia programu ikusanye pamoja picha zilizopigwa kwa mfululizo, kwa sababu nayo hutegemea saa hiyo hiyo.

Picha ambazo jamaa wanakutumia kwa WhatsApp ziweke kando, maana zikitumwa kwa njia ya kawaida hupoteza tarehe ya kupigwa iliyokuwa ndani yake. Mwombe aliyezipiga akutumie kama hati, au uiandike tarehe kwa mkono ungali unaikumbuka.

Ukimaliza harusi moja, chukua picha yoyote uliyoiwekea lebo, inakili kwenye kompyuta nyingine yenye programu tofauti, uifungue. Ukiziona Forodhani, Akdi na jina la familia zimo, endelea na harusi inayofuata. Usipoziona, rudi kwenye mipangilio kabla hujaongeza lebo hata moja.