Mashine imesoma 17, lakini paka wako ameogopa tu

Wiki hii huyu ni wa tatu. Mama kutoka Pasua kamleta paka wake dume ndani ya kiroba cha mchele, kapakatwa kwenye bodaboda, jua la saa sita, honi za stendi ya Moshi zote masikioni mwake. Mlangoni kwangu mbwa wawili wanasubiri chanjo. "Daktari, ana kisukari, nimempima mwenyewe kwa mashine ya mama mkwe." Nikampima na mimi: sukari ya damu 17 (milimoli kwa lita).

Mama, ungekuwa wewe una 17 ningeshtuka. Paka akishikwa na hofu, homoni za adrenalini na kortisoli hulifanya ini limwage sukari kwenye damu, na paka hupitiliza kuliko wanyama wengi. Aliyekuwa na 5 au 6 akisinzia kwenye kochi anaweza kufika 15 na kuzidi kabla hujafungua kiroba.

Kupima, pimeni. Kinachonichosha ni kinachofuata: mtu anachukua insulini ya mgonjwa wa nyumbani kutoka kwenye friji na kumchoma paka "uniti chache tu". Chache kwa mtu wa kilo 80 ni nyingi mno kwa paka wa kilo 4. Hofu ikiisha sukari inashuka yenyewe, insulini nayo inaizamisha. Usiku anayumba, anatetemeka, anapata degedege. Nimempokea mmoja saa tisa usiku, fizi zimepakwa asali (aliyempaka alifanya sawasawa kabisa), tukamwekea glukosi kwenye mshipa akapona. Mwingine hakuwahi kufika.

Kisukari chenyewe hujionyesha. Anakunywa mpaka anafuata ndoo ya bafuni, anakojoa madimbwi, anakula sana na bado mgongo unachongoka. Wengine hukanyagia visigino vya nyuma. Wengi ni madume waliohasiwa, wanene, au waliochomwa dawa za steroidi kwa sababu ya kujikuna. Chai ya sukari msiilaumu. Paka hata ladha ya utamu haisikii.

Yule mama nilimwambia arudi nyumbani, atoe mchanga kwenye beseni la paka, aweke kokoto ndogo zilizooshwa na kukauka. Mkojo unatuama chini. Unauvuta kwa bomba lisilo na sindano, unaniletea siku hiyohiyo. Figo za paka huanza kumwaga sukari kwenye mkojo damu ikifika kama 14 hadi 16, na hofu ya nusu saa kwa kawaida haiachi alama kwenye mkojo wa nyumbani.

Kwa kawaida. Hapo ndipo na mimi huyumba. Paka mwenye kidonda kibaya au kongosho lililovimba hukaa na maumivu siku kadhaa, na mkojo wake unaweza kuonyesha sukari bila kisukari. Kipimo cha damu cha fruktosamini, kinachobeba habari za sukari ya wiki moja hadi tatu zilizopita, kingenisaidia, ila sikipati kirahisi. Mashine za binadamu nazo mara nyingi husoma damu ya paka chini ya ilivyo. Wapo niliowaanzishia insulini bila uhakika, wapo niliowachelewesha, na bado nawafikiria.

Jana mama wa Pasua alirudi na bomba limejaa, paka kamwacha nyumbani. Kijiti cha kupimia sukari kwenye mkojo hakikubadilika rangi. Nimemwambia ampime uzito kila Jumapili, anipigie akianza kufuata ndoo.