Nadharia si Stempu: Ninayochoka Kuyasikia Kuhusu The Lion King

Binti wa mwaka wa tatu alinikuta stendi ya Nyegezi nasubiri daladala, akafungua kompyuta palepale juu ya mapaja. Tasnifu yake inahakiki The Lion King, ile katuni ya Walt Disney ya mwaka 1994. Kiunzi cha nadharia, yaani sehemu ya kueleza nadharia atakayoitumia: kurasa kumi na mbili. Marx kazaliwa lini, kafa lini, kaandika na nani. Kisha sura ya nne ikaanza na simba wake, na Marx hakuonekana tena mpaka hitimisho, alipokuja kuaga.

Hiyo ndiyo dhana inayonichosha kuliko zote, kwamba nadharia ni jina. Unalitaja, unagonga stempu, halafu unarudi kwenye ile orodha ya kidato cha nne: wahusika, mandhari, muundo, mtindo, dhamira, ujumbe. Ukiuliza Umarx, ile nadharia ya Marx ya mapambano ya matabaka, umefanya kazi gani humu, jibu ni lilelile: "Mwalimu, kuna matabaka." Matabaka hata kwenye foleni ya kivuko cha Kamanga yapo. Ninachotaka kujua ni kitu gani umekiona ambacho bila Umarx kingekupita.

Nikamwambia arudishe filamu pale Mufasa, simba mfalme, anapokaa na mwanawe Simba mwambani, jua linachomoza. Kila panapofikiwa na mwanga ni milki yetu, baba anasema. Kule kwenye kivuli usithubutu kwenda. Wanashuka nyikani. Mtoto anauliza: si tunawala swala? Baba anajibu kwamba tukifa miili yetu huwa majani, swala nao hula majani, kwa hiyo wote tumo katika mzunguko mmoja wa uhai. Maneno matamu. Sasa uliza: nani anasema? Mfalme. Anamwambia nani? Mrithi. Swala kaulizwa? Itikadi hufanya kazi namna hiyo. Mpangilio unaomnufaisha mmoja unasimuliwa kana kwamba ni maumbile, kama masika na kiangazi.

Na mvua yenyewe iangalie. Fisi wamefungiwa kule kivulini na njaa yao. Scar, ndugu yake Mufasa anayemuua ili atawale, anawaahidi kwamba wakimfuata hawatalala njaa tena. Wakishaingia, maji yanakauka na wanyama wanahama. Simba akishinda, mvua inashuka hata kabla hajafika juu ya mwamba. Yaani filamu inatuambia ukame umeletwa na wenye njaa. Hapo ndipo pa kumwaga kurasa kumi na mbili.

Halafu kiongozi wa fisi anaitwa Shenzi. Mtazamaji wa Chicago anasikia jina tu. Sisi tunasikia tusi lenye historia: watu wa pwani waliojiita waungwana walituita washenzi sisi wa bara, na mkoloni akalidaka neno akalisambaza kwa Waafrika wote. Babu yangu, Msukuma wa Magu, alikuwa akilisikia anakunja uso na kuondoka barazani. Mwanafunzi wa Mwanza anayetumia nadharia ya baada-ukoloni anao mtaji huo mdomoni mwake, kisha anaandika kwamba "majina ya Kiswahili yamekuza lugha yetu". Inauma.

Tena wapo wanaodhani kwa kuwa majina ni ya Kiswahili, basi kila kitu humo ni Kiswahili. Ule wito wa ufunguzi ni Kizulu, sauti ya Lebo M wa Afrika Kusini. Ingonyama ndiye simba. Nimeshaukuta mara mbili umeandikwa "wimbo wa Kiswahili".

Wengine huniambia: "Imeiga Hamlet," ile tamthilia ya Shakespeare. Ndiyo, ami anamuua ndugu yake mfalme, na mzimu wa baba unamtokea mwana. Lakini mwingilianomatini, yaani kuona kazi moja inavyozungumza na nyingine, si kazi ya kukamata wezi. Mzimu wa kwenye Hamlet unasema: nikumbuke. Mufasa mawinguni anasema: kumbuka wewe ni nani. Mmoja anataka kisasi, mwingine anataka mrithi arudi kazini. Andika juu ya pengo hilo. Na ukitaka cha nyumbani, Fumo Liyongo yupo, shujaa wa tenzi za pwani, aliyechomwa sindano ya shaba kitovuni na mwanawe mwenyewe kwa hongo ya jamaa aliyekalia kiti.

Propp, mchambuzi wa ngano za Kirusi, na majukumu yake 31, yaani matendo ya wahusika yanayosukuma hadithi? Hayalazimiki kutimia. Alisema mwenyewe mwaka 1928 kwamba si kila ngano inayo yote. Alichokisisitiza ni mfuatano. Acheni kumtafutia Timon, rafiki yake Simba, jukumu la ishirini na nne.

Mtunzi alikusudia nini? Barthes, mhakiki wa Kifaransa, alishamzika mtunzi mwaka 1967, msiende kumfukua.

Katuni ni ya watoto? Hata ngano za Sungura na Fisi zilikuwa za watoto, na ndizo zilizotufundisha tumcheke nani. Tuendelee.

Ufeministi nao si kuhesabu majike. Simba majike ndio wawindaji, ndio wengi, na bado miaka yote ile wanakaa na njaa mpaka dume mmoja arudi. Serengeti, hapo tu ukipita lango la Ndabaka, majike wa kundi ni mama, mabinti na madada wanaobaki kwao. Madume ndio wapitaji. Filamu imeligeuza hilo juu chini. Kwa faida ya nani?

Ushauri wangu ni mmoja, na wanafunzi wananicheka nao: zima sauti. Ule muziki unakuburuta. Tazama dakika nne za mwanzo kimya kimya, uone wanyama wakipiga magoti chini ya mwamba, kisha uhesabu nani hakualikwa.

Yule binti wa stendi alifanya hivyo usiku uleule. Saa nne akanitumia ujumbe: "Shikamoo Mwalimu. Fisi hawapo." Kiunzi chake sasa ni ukurasa mmoja na nusu.