Mashariki sio kimbilio la waliokosa Misa ya Kilatini

Nimeulizwa tena wiki hii kama mtu aliyekosa Misa ya Kilatini ahamie kwa Wakatoliki wa Mashariki, safari hii na mama mtu mzima kabisa wa Nyegezi, kwa hiyo naandika ili mwingine akiuliza nimtumie tu hii. Kazi yangu ni sheria za Kanisa, wengi wanaokuja mezani kwangu ni wa mambo ya ndoa, ila siku hizi hapa Mwanza kuna kikundi cha watu wanaopenda Misa ya zamani ya Kilatini, misale ya 1962 (kitabu cha Misa hiyo) wanayo kwenye simu, na tangu hayati Papa Fransisko atoe Traditionis Custodes, waraka wa kuibana Misa hiyo, Julai 2021 jibu lao limekuwa moja tu: basi tutahamia kwa Wakatoliki wa Mashariki. Wengine wanaenda kusoma au kufanya kazi Canada na Marekani ambako parokia hizo zipo kweli, wengine wako hapa hapa wanaangalia klipu mpaka bando linakata. Kwenda kusali huko hakuna kosa lolote, hilo nalisema mapema. Kinachonichosha ni mnachokwenda nacho kichwani.

«Kule ni Misa ya zamani ile ile, hawajaguswa na Mtaguso»

Hii ndiyo inayonimaliza nguvu. Kwanza hakuna kitu kimoja kinaitwa Mashariki. Kuna Makanisa 23, mengi yana mkuu wake, mapokeo yao ya ibada hayafanani, na yote yako chini ya Papa. Waukraina na Wamelkiti wanasali kwa mapokeo ya Kibizanti, Wamaroni wa Lebanoni wana ya kwao, Wasiro-Malabar wa Kerala nao ya kwao, Waethiopia na Waeritrea wana ya Kigeez. Mtu anayeniambia «nahamia Mashariki» huwa namuuliza wapi, na hapo ndipo mazungumzo yanakuwa mafupi.

Pili, Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule wa miaka ya sitini, uliwagusa, tena kwa namna ambayo ninyi hamtaipenda. Hati yao ni Orientalium Ecclesiarum ya tarehe 21 Novemba 1964, na kwenye namba 6 wanaambiwa warudi kwenye mapokeo ya mababu zao pale walipoyaacha. Sasa waliyaacha wakashika nini? Mambo ya Kilatini! Rozari inayosaliwa kwa sauti katikati ya Liturujia (ndivyo wanavyoita Misa), kupiga magoti Jumapili, sanamu, Baraka ya Sakramenti, vyote hivyo viliingia kutoka kwetu na kwa miaka mingi sasa maaskofu wao wamekuwa wakivipunguza ili watu warudi kwenye vyao. Halafu anatokea ndugu yetu kutoka Kirumba na rozari yake na vitambaa vya kichwani vya mabinti zake anasema amekuja kuwasaidia kulinda mapokeo. Mapokeo ya nani?

Ngoja nikwambie utakachokikuta kwa Wabizanti, maana hao ndio mnaowaona sana kwenye klipu. Jumapili unasimama. Mtaguso wa Nisea wa 325, kanuni ya 20, ulishasema Jumapili watu wasali wamesimama, na wao wanaishika. Mkate ni wa hamira, sio hostia. Umekatwa vipande vidogo vikatiwa ndani ya kikombe pamoja na divai, padri anakulisha kwa kijiko, wewe unainua uso kidogo, unafungua mdomo wote na unauacha wazi, usikifungie kijiko mdomo, padri anamimina kipande anaondoa. Mbele yako anaweza kuwa ni kichanga cha miezi minne kabebwa na mama yake na yeye anapokea. Kwenye Nasadiki parokia nyingi wanasema Roho Mtakatifu «atokaye kwa Baba» wanaishia hapo, «na Mwana» hakuna, na sio uzushi, Roma inajua na imeridhia tangu zamani. Jumatano ya Majivu hakuna, Kwaresima inaanza Jumatatu, na siku za kazi ndani ya Kwaresima hakuna Liturujia kamili, kuna ibada ya jioni ambapo watu wanakomunika mkate uliowekwa wakfu Jumapili. Na Kilatini hakuna hata tone, wanasali kwa lugha ya watu, ukiwa Toronto utasikia Kiukraina au Kiingereza.

Sasa wewe uliyesema shida yako na parokia yako ni kwamba Misa iko kwa Kiswahili na watu wanapokea wamesimama, umepata nini?

Na hao ni Wabizanti. Ukiangukia kwa Wamaroni, misale yao ilifanyiwa marekebisho baada ya Mtaguso na parokia nyingi padri anawaangalia waumini kama kawaida tu. Kwa Wasiro-Malabar ndio kabisa, sinodi yao mwaka 2021 iliamua padri sehemu moja ya Misa aangalie watu na sehemu nyingine aangalie altare, watu wa jimbo kuu la Ernakulam-Angamaly wakakataa, ugomvi ukawa mkubwa mpaka kanisa kuu lao likafungwa mwishoni mwa 2022. Yaani unakimbia vita ya altare unaenda kupanga chumba kwenye vita ya altare.

Kingine cha kuchekesha. Kuna mmoja alinilalamikia nusu saa nzima kuhusu ngoma kanisani, anasema ule mtindo wa Bujora wa Padri David Clement kuingiza ngoma za Kisukuma ndio uliharibu kila kitu, yeye anataka riti (utaratibu wa ibada) ya kale ya Kiafrika isiyo na uchafu, kasikia ya Waethiopia. Nikamuuliza anaijua kebero? Ni ngoma. Kubwa, ya kuning'inizwa shingoni, inapigwa pande mbili, na watu wanatingisha kayamba za chuma na kuyumba na fimbo zao za sala, na hayo ni mapokeo ya karne na karne. Akanyamaza.

Sisemi usiende. Nasema ukienda uende kwa ajili yao, sio kwa sababu umemkasirikia askofu wako. Ushauri wangu huwa ni ule ule na watu huwa hawaupendi: kaa mwaka mzima unasali nao, nenda na masifu ya jioni sio Liturujia ya Jumapili tu, funga wanavyofunga (wao wakifunga Kwaresima hawali nyama wala maziwa, tutaona), toa zaka pale, baki kwenye chai baada ya ibada uongee na watu, na usitamke neno «kwetu Kilatini». Ukimaliza mwaka bado unapenda, hapo tuongee.

Na kama shida ni Kilatini chenyewe, mbona dawa ipo nyumbani? Kanuni ya 928 ya kitabu chetu cha sheria za Kanisa inasema Ekaristi inaadhimishwa kwa Kilatini au kwa lugha nyingine iliyoidhinishwa, kwa hiyo Misa hii hii ya sasa padri anaweza kuisoma kwa Kilatini. Hati ya Mtaguso ya liturujia ya 1963 yenyewe inataka waumini wajue kuimba sehemu zao kwa Kilatini. Wamisionari wa Afrika walikuwa Bukumbi tangu 1883 na Kilatini kiliimbwa huku kandokando ya ziwa muda mrefu kabla babu yako hajazaliwa. Wapo wazee wanaoimba Missa de Angelis, zile nyimbo za Misa za Kilatini, bila kitabu, nenda kawatafute, undeni kikundi, mkamwone paroko kwa adabu. Kwa adabu, sio na barua ya kurasa tisa. Ile ya 1962 ndiyo inayohitaji ruhusa ya askofu, na kama ni kwenye kanisa la parokia mambo yanafika Roma.

«Si kuna Waorthodoksi hapa hapa Mwanza, ni wale wale tu»

Hapana. Waorthodoksi wa hapa Kanda ya Ziwa wako chini ya Patriarki wa Aleksandria na hawana ushirika na Papa wa Roma. Nawaheshimu sana, sakramenti zao ni halali na Kanisa letu linalitambua hilo, ila wewe Mkatoliki kanuni ya 1248 inakutaka Jumapili ushiriki Misa katika riti ya Kikatoliki, na kanuni ya 844 inakuruhusu kuomba sakramenti kwao pale tu ambapo kumfikia padri Mkatoliki haiwezekani. Hapa mjini? Toka Kirumba mpaka Igoma unakosaje padri? Na wao wenyewe hawatakukomunisha, wana sheria zao. Msiwasumbue watu. Mtego mmoja tu niutaje kwa sababu umeshawapata wengi: mkuu wao naye anaitwa Papa, Papa na Patriarki wa Aleksandria na Afrika yote, kwa hiyo kusikia «Papa» kwenye maombi yao sio ushahidi kwamba wako na Roma. Parokia ya Kikatoliki ya Mashariki itamwombea Papa wa Roma kwa jina. Na kuokoa nauli zenu, Tanzania hatuna jimbo la Kikatoliki la Mashariki, parokia za jimbo kuu la Mwanza ni za Kilatini zote.

«Nikisali huko miaka kadhaa nishakuwa wa huko»

Hukuwi. Kanuni ya 112 kifungu cha 2: hata upokee sakramenti huko miaka ishirini unabaki Mlatini, yaani wa Kanisa letu la Kilatini. Kuhama ni maombi yenye sababu na ruhusa ya Kiti cha Kitume, yaani Roma, isipokuwa kwenye ndoa, ambapo mwenzi anaweza kutangaza anahamia Kanisa la mwenzake.

«Nikihamia nitakuwa padri na mke wangu nabaki naye»

Jamani. Mengi ya Makanisa yao yana mapadri wenye wake, kweli, waliooa kabla ya kupewa daraja. Ila hiyo nayo haipitiki bila kuhama rasmi kwanza, na ukiwaambia ndiyo sababu yako umejifungia mlango mwenyewe.

«Ndoa na Mkatoliki wa Mashariki ni kama ndoa nyingine, shemasi atatubariki»

Hatawabariki. Mmoja wenu akiwa wa Mashariki anatakiwa padri, baraka ya padri kwao ni sehemu ya ndoa yenyewe, na tangu 2016 jambo hili limeandikwa wazi kwenye sheria yetu ya Kilatini pia. Kwa hiyo dada unayeolewa na Mhabeshi Mkatoliki, sema mapema ofisini, sio wiki ya harusi shemasi akiwa ameshapangwa na kadi zimeshasambazwa.

Na wale mnaobatizia watoto huko ughaibuni kwenye parokia hizo: padri wao akibatiza anampa mtoto Kipaimara hapo hapo, ni halali na hakirudiwi kamwe. Mtoto mwenyewe anabaki Mlatini kama wazazi wote ni Walatini. Mkirudi nyumbani akafikisha umri wa mafundisho, katekista atamwandika na wenzake darasa la Kipaimara na askofu atampaka tena kama hakuna karatasi. Ombeni cheti ambacho tarehe ya Kipaimara imeandikwa, kipigeni picha, nakala moja mpeleke kwa paroko siku ile ile mnayohamia kigangoni.