Aliyehukumiwa kwa Kosa la Kingono Anapomaliza Kifungo: Wanachodhani Wanafunzi na Inachosema Sheria

Katika vikao vyetu na wanafunzi wa vyuo vikuu nchini Kenya, hasa wanaosomea sheria, ualimu na ustawi wa jamii, swali moja halikosi: mbona fedha za umma zinatumika kuwarekebisha wabakaji? Hasira hiyo tunaielewa. Tatizo ni kwamba wengi wanadhani hakuna njia nyingine ila kumfunga mtu milele au kumwachilia aende zake, na wanadhani hivyo bila kuisoma sheria.

Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 inatoa kifungo cha maisha kwa anayemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini, kisichopungua miaka 20 kwa mtoto wa miaka 12 hadi 15, na kisichopungua miaka 15 kwa wa miaka 16 au 17. Na mwaka 2024 Mahakama ya Juu ilishikilia kwamba viwango hivyo havipunguzwi. Kitendo cha aibu dhidi ya mtu mzima, kama kumgusa kingono bila kumwingilia, kifungo chake hakizidi miaka mitano. Kwa hiyo wapo wengi watakaorudi vijijini.

Kwa hao, kifungu cha 39 kinairuhusu mahakama kumtangaza mtu kuwa mkosaji hatari wa kingono na kuagiza asimamiwe kwa muda mrefu baada ya kutoka gerezani: ahudhurie mpango wa marekebisho, asiguse pombe, asikanyage mahali fulani, asitafute kazi za aina fulani. Akiificha hukumu yake anapoomba kazi ya kuwatunza watoto, anakabiliwa na kifungo kisichopungua miaka 3, au faini isiyopungua shilingi 50,000, au vyote viwili. Ipo pia sajili ya waliohukumiwa kwa makosa ya kingono, kwa Msajili wa Mahakama Kuu, ambayo mwenye sababu ya maana anaweza kuikagua. Anayetaka tubandike picha za wakosaji kwenye nguzo za stima aseme kwanza kama amewahi kuiulizia.

Ukumbi hutulia tunapotoa mfano wa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, mwenye miaka 19, ambaye mpenzi wake ni msichana wa kidato cha nne mwenye miaka 17. Wakifanya ngono, ridhaa ya msichana si utetezi. Hapo wale wale waliotaka wakosaji wafungiwe mlango huuliza kama kijana huyo hawezi kupewa ushauri nasaha. Anaweza, ila atapewa akiwa anatumikia miaka yake 15.