Mwenye dimenshia si wa kusemeshwa kitoto
Kwa miaka mingi wahudumu wa makao ya wazee wameamini kwamba mwenye dimenshia, yaani maradhi ya ubongo yanayodhoofisha kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, huelewa zaidi akibembelezwa kama mtoto: "Haya, tuvae kishati chetu." Sivyo. Mtafiti wa uuguzi Kristine Williams na wenzake nchini Marekani walichambua video za wahudumu wakiwa kazini, na mwaka 2009 wakaonyesha kwamba lugha hiyo huzidisha uwezekano wa mzee kukataa kuhudumiwa. Kumbukumbu hufifia, lakini uchungu wa kudharauliwa bado anausikia. Mara nyingi huo tunaouita ukaidi ni mtu anayetetea heshima yake. Keti macho yenu yalingane, mwite kwa jina alilozoea, sema jambo moja kwa sentensi fupi, kisha subiri. Subiri kweli, maana jibu huchelewa.